Laptopu ya taa au kompyuta ya ofisi yenye kadi? Jibu kwa mdogo wangu wa Morogoro

Swali: "Shikamoo kaka. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Morogoro. Nimekusanya shilingi 950,000. Sehemu kubwa nimeipata kwa kuuza mayai ya kuku wangu, na mjomba kaniongezea kidogo. Nataka kompyuta ya kuchezea Valorant na GTA V, na eFootball nikiwa na kaka zangu. Kuna duka Dar wanasema wana laptopu ya gemu iliyotumika, kibodi inawaka taa, ina grafiki GB 8, bei laki tisa. Binamu yangu anasema ninunue kompyuta ya ofisi ya mtumba halafu niweke kadi ya grafiki. Baba amekubali, ila anataka ifae na masomo. Nichukue ipi? Na mausi, kibodi na hedifoni, nianze na kipi?"

Marahaba mdogo wangu. Binamu yako ameona mbali, ila ushauri wake una masharti, na usipoyajua masharti hayo unaweza kununua kompyuta ya ofisi ambayo haipokei kadi yoyote. Nitayaeleza moja moja. Kwanza tumalize habari ya hiyo laptopu, maana ndiyo inayotaka kuondoka na hela yako yote.

Maneno "grafiki GB 8" nayasikia karibu kila wiki. Kompyuta isiyo na kadi yake ya grafiki, yaani kifaa cha kuchora picha, hukopa kumbukumbu kutoka kwenye RAM, na kwa kawaida Windows huiruhusu ikope hadi nusu. Kwa hiyo laptopu yenye RAM ya GB 16 itakuandikia kwamba grafiki inaweza kutumia GB 8. Muuzaji anasoma namba hiyo, pengine bila hata nia ya kudanganya, na wewe unaelewa kwamba ndani kuna kadi kubwa. Mwambie aiwashe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aingie "Performance" kisha ashuke hadi "GPU", akupigie picha. Juu kulia pataandikwa jina. Ukiona Intel UHD Graphics 620 peke yake, hakuna kadi humo, hata kibodi ingewaka rangi zote. Ukiona GeForce GTX 1650 na mstari wa "Dedicated GPU memory" unasoma GB 4, hapo hiyo ni laptopu ya gemu kweli, na tunaweza kuzungumza.

Simaanishi laptopu ni mbaya. Kama ungekuwa bweni, au kama umeme kwenu unakatika mara kwa mara na hamna njia nyingine, ningekuambia utafute yenye GTX 1650 hata kwa kungoja miezi mitatu. Ila ujue kwamba ukichomoa chaja kasi ya gemu hushuka sana, maana betri haiwezi kuipa kadi umeme inaotaka. Na siku kadi ikifa, imechomelewa kwenye bodi kuu ya kompyuta, hubadilishi kadi peke yake. Kompyuta ya mezani leo unabadilisha kadi, mwakani unaongeza RAM, mwaka unaofuata unanunua monita nzuri zaidi. Kwa mtu anayejenga kwa hela ya mayai, kidogo kidogo, hilo ni jambo kubwa sana.

Sasa tuje kwenye kompyuta ya ofisi. Soko letu limejaa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre zilizotoka kwenye maofisi ya nje, nyingi zikipitia Dubai. Ni mashine imara, zimetengenezwa kufanya kazi siku nzima miaka mitano bila kulalamika. Tatizo ni kwamba ukiuliza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, muuzaji atakuambia tu "ni Core i5", na neno i5 peke yake halikuambii kitu. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i5-3470 ni kizazi cha tatu, cha mwaka 2012. i5-6500 ni cha sita. i5-8500 ni cha nane, cha mwaka 2018. Kwenye namba hizi za tarakimu nne, ya mwanzo ndiyo kizazi.

Nakusihi usishuke chini ya kizazi cha nane, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu utajaribiwa. Mashine ya kizazi cha tatu ni rahisi mno, na muuzaji atakuambia GTA V inacheza. Hasemi uongo: toleo la GTA V la kompyuta lilipotoka mwaka 2015, waliotengeneza gemu walipendekeza i5-3470 hiyohiyo pamoja na kadi ya GTX 660. Lakini wewe unataka Valorant pia. Ukiwa na Windows 11, Valorant haifunguki mpaka kompyuta iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imewashwa, ni sehemu ya ulinzi wake dhidi ya wanaocheza kwa udanganyifu. Windows 10 nayo Microsoft walisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Ukinunua ya kizazi cha tatu, utacheza GTA V ukiwa na furaha, halafu ukiweka Windows 11 Valorant itakukatalia mlangoni.

Kuna sababu ya pili. Kabla ya kizazi cha nane, i5 nyingi za kompyuta za mezani zilikuwa na koa nne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Kuanzia cha nane ziko sita au zaidi. Riot Games, wenye Valorant, kwenye orodha yao ya kuchezea fremu (picha) 144 kwa sekunde wametaja i5-9400F na GTX 1050 Ti. Hiyo i5-9400F ina koa sita na mwendo wa juu wa gigahezi 4.1. i5-8500 nayo ina koa sita na mwendo wa juu wa gigahezi 4.1. Yaani prosesa ya ofisi iliyokaa chini ya meza ya karani inakaribia kabisa ile wanayoitaka wenye gemu. Hapo ndipo binamu yako alipopatia.

Umbo la kasha ndilo linalowaumiza wengi. Kompyuta hizi za jina moja huja katika maumbo matatu. Kuna ndogo kabisa, ukubwa wa kitabu cha Biolojia, wanaiita Micro, Mini au Tiny. Hiyo iache, kwa kawaida haina mahali pa kuchomeka kadi. Kuna ya kati, nyembamba, ya kulaza au kusimamisha, wanaiita SFF. Inapokea kadi fupi tu, zile zenye kibati kifupi cha nyuma. Na kuna mnara, wanaouita MT au Tower, unaopokea kadi ya urefu wa kawaida. Ukipata mnara, chukua mnara hata kwa kuongeza kidogo. Ukikosa, SFF inawezekana, ila fungua mfuniko upime kwa macho: kadi fupi nyingi hula nafasi mbili kwa unene, na kwenye baadhi ya makasha tundu la kadi limebanana na pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani, kiasi kwamba kadi nene haiingii.

Sasa pawa saplai yenyewe. Hapa ndipo ninapoona machozi ya vijana, kwa hiyo soma polepole. Kompyuta za ofisi zina pawa saplai ndogo, nyingi za SFF ni kati ya wati 180 na 250. Na Dell na HP wa miaka hii hutumia plagi zao wenyewe, si zile za kawaida, kwa hiyo huwezi kwenda Kariakoo ukanunua pawa saplai yoyote kubwa ukachomeka. Maana yake kadi yako lazima iishi kwa umeme inaoupata kutoka kwenye tundu la bodi tu, ambao mwisho wake ni wati 75. Kadi zinazofaa hapo ni chache na majina yake uyakariri: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote za GB 4. Hata GTX 1650 ina matoleo mengine yenye tundu la waya wa umeme pembeni. Wewe unataka isiyo na tundu hilo.

Fanya hesabu uone. i5-8500 inakadiriwa wati 65, kadi 75, bodi na diski na feni tuseme 30. Jumla 170. Pawa saplai ya 200 inabeba, lakini haina pa kujinyoosha. Mtu akikushawishi uchukue RX 580 kwa sababu ina GB 8 na bei ni ileile, mkatalie kwa heshima. Kadi hiyo peke yake inakula wati 185. Isitoshe, nyingi zilizopo sokoni zilitumika kuchimba sarafu za Ethereum mchana na usiku mpaka Septemba 2022, uchimbaji ule ulipokoma na kadi zikamwagwa sokoni. Na usikubali kile kiunganishi kinachochukua umeme wa diski kupeleka kwenye kadi. Nimeviona vimeyeyuka plastiki ikagandia kwenye tundu.

Kuna kadi nyingine utakayoonyeshwa kwa bei nzuri, GT 1030. Ina wati 30 tu na inaingia popote. Kwa Valorant inajitahidi. Lakini iko ya aina mbili zenye jina lilelile: ya kwanza ya 2017 yenye kumbukumbu ya GDDR5, na nyingine iliyofuata 2018 yenye DDR4, ambayo ni ya polepole kwa kiasi kikubwa. Jina ni moja kwenye boksi, maandishi madogo ndiyo tofauti. Mimi ningekuambia ungoje upate 1050 Ti.

Na 1050 Ti nayo ina bandia zake. Wanachukua kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, wanaibadilisha maandishi ya ndani ijitambulishe kama 1050 Ti. Windows inadanganyika. Dalili ya nje: ikiwa na tundu la VGA, lile la bluu la pini 15, ishuku mara moja, maana 1050 Ti halisi kwa kawaida hazina VGA. Dalili ya ndani: nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure na ndogo. Ikitambua bandia huandika neno FAKE mwanzoni mwa jina. Muuzaji akikataa usichomeke flashi yako, funga mkoba wako uondoke.

RAM, chukua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, vikifanya kazi pamoja vinapitisha data kwa njia mbili. Ukianza na GB 8 pekee Valorant itaenda, ongeza baadaye. SSD, yaani diski ya kasi, ni lazima, ya GB 480 au 512 kama unaweza, maana GTA V peke yake inazidi GB 70. Na hapo nikukumbushe bando. GB 70 kwa data ya simu ni hela nyingi. Mtafute mwenzako mwenye gemu tayari kwenye Steam, kuna sehemu ya kutengeneza nakala ya gemu, unabeba kwa diski ya nje, unairudisha kwako na kuingia kwa akaunti yako uliyoinunulia gemu. Kinachobaki kupakua ni kidogo. Siku ya kucheza mtandaoni, kama unatumia intaneti ya simu, iunganishe simu kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, utaona mchezo unatulia.

Monita. Kama nyumbani mna runinga yenye HDMI, anza nayo, washa hali yake ya gemu ili picha isichelewe, na hela hiyo iende kwenye kadi. Najua saa mbili usiku baba atataka taarifa ya habari, kwa hiyo siku moja utahitaji ya kwako. Ukinunua ya mtumba, inchi 20 yenye pikseli 1600 kwa 900 inatosha sana kwa 1050 Ti. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili, hiyo ya 1600 kwa 900 ina milioni moja na laki nne na arobaini elfu. Kadi inachora karibu theluthi moja pungufu kila fremu, na unaiona tofauti kwenye mwendo. Hakikisha ina HDMI au DisplayPort. Monita ya hezi 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, iache kwanza. Na ukifika nyumbani, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye bodi. Nimeshapigiwa simu na watu wazima waliolalamika wiki nzima kwamba kadi haifanyi kazi, kumbe waya uko tundu la juu, la bodi.

Kuhusu vikorokoro, kwanza mausi, kisha hedifoni, mwisho kabisa kibodi. Kwenye Valorant mkono ndio unaolenga, na mausi ya ofisi inayoruka ruka itakukatisha tamaa ukadhani wewe ndiye hujui. Logitech G102 ya waya inatosha kwa miaka. Usitishwe na DPI (kipimo cha wepesi wa mausi) 16,000 kwenye boksi. Hata wachezaji wa mashindano wengi hubaki kati ya 400 na 1600. Kwenye mipangilio ya Windows zima "Enhance pointer precision", ili mkono ukienda umbali ule ule, alama nayo iende umbali ule ule. Weka na kitambaa kikubwa cha mausi, kikubwa kweli, kwa sababu ukishusha kasi mkono unahitaji uwanja.

Hedifoni yoyote ya waya inayokaa vizuri masikioni na inayotofautisha kushoto na kulia itakusaidia kusikia nyayo za adui. Angalia plagi: yenye mistari mitatu imebeba maiki na sauti pamoja, na kama kompyuta ina matundu mawili tofauti, utahitaji kigawanyio kidogo. Kibodi ya ofisi ya USB inatosha. Ijaribu kwa kubonyeza W, A na Shift pamoja kisha uongeze kitufe cha nafasi (Space). Zote zikisomeka, endelea nayo. Kwa eFootball mtataka padi, na hapo tafuta yenye swichi ya X na D, kwa sababu gemu nyingi za sasa zinatambua hali ya X tu.

Baba anauliza masomo. Mwambie mashine hii inaandika ripoti, inafungua vitabu vya PDF na kufundishia programu vizuri kuliko laptopu ile ya taa, na ikizeeka vipande vyake vinabadilishika.

Sasa hela. Ya laki tisa na nusu, mimi ningeacha kama nusu iende kwenye kasha lenye RAM na SSD, robo kwenye kadi, na robo inayobaki igawanywe kati ya mausi, hedifoni na ulinzi wa umeme. Monita isubiri, runinga ipo. Usikate ulinzi wa umeme ili uongeze kadi kubwa zaidi. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndipo bodi zinapokufa, na ukikatika katikati ya Windows kujisasisha unaweza kupoteza kila kitu. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 itakupa dakika chache za kuzima kwa utulivu. Ukishindwa hiyo, angalau stabilaiza, na tabia ya kuchomoa ukutani umeme ukikatika.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea kompyuta aliyoinunua asubuhi ya siku hiyo. Nilisikia harufu kabla hajafungua mfuko. Nyuma, juu ya tundu la waya wa umeme, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu inayosoma 115, yaani umeme wa Marekani. Sisi tunatumia volti 230. Alichomeka, ikapiga mlipuko mmoja, ikanyamaza. Ndani kapasita mbili zilikuwa zimefura na kupasuka vichwa, maji ya kahawia yamechuruzika mpaka kwenye feni. Duka lilikataa kuirudisha. Alikuwa amekusanya hela mwaka mzima, na hakuna aliyemwambia aangalie nyuma. Mashine nyingi za Dell na HP hujirekebisha zenyewe na hazina swichi hiyo, lakini ukiiona, isome kabla waya haujagusa ukuta.

Ukienda dukani nenda na binamu, nenda asubuhi, na omba nusu saa. Iwashe. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta, uone "BIOS Mode" inasoma UEFI, njia mpya ya kuwaka, na "Secure Boot State" inasoma On. Wauzaji wengi huweka Windows kwa njia ya zamani, inasoma Legacy, na hapo Valorant itakupa kosa la VAN9001 au VAN9003 ukifika nyumbani. Hakuna kilichoharibika, ila waambie waiweke upya kwa UEFI hapohapo kabla hujalipa. Andika tpm.msc uone toleo ni 2.0. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Kisha uiache icheze video dakika kumi, uweke kiganja nyuma usikie kama hewa inatoka. Ikinguruma na hewa haitoki, vumbi limeziba, au ile krimu ya kijivu juu ya prosesa imekauka. Fundi anasafisha na kupaka upya kwa muda mfupi, lakini iwe sehemu ya bei.

Kadi usiinunue siku hiyohiyo. Chukua kasha kwanza, lifungue nyumbani, pima nafasi ya kadi kwa rula, na upige picha kibandiko cha pawa saplai ambapo idadi ya wati inasomeka vizuri. Nitumie picha hiyo pamoja na jina kamili la modeli, nami nitakuambia ni kadi ipi hasa uifuate.